Wanataka nimege kiwanja, na maji ya jirani yananimaliza: nifanye nini?

*"Mimi na mume wangu tulinunua kiwanja Goba mwaka 2013, mita 20 kwa 30, kwa mauziano ya serikali ya mtaa. Wakati ule tulizungukwa na mikorosho na nyumba zilikuwa nne tu. Sasa hata pa kugeuzia gari hakuna. Wamekuja watu wa urasimishaji wanataka nitoe mita 3 mbele kwa ajili ya barabara na mita moja na nusu pembeni, upande wa jirani, bila fidia. Nimegoma. Jirani huyo aliye juu yangu amejenga ghorofa na kumwaga pevingi uwanja mzima, mvua ikinyesha maji yote yanaingia kwangu, na ukuta wangu umeanza kupata nyufa. Wengine wanasema tukishapimwa serikali itatutoza kodi kisha itatuhamisha. Mume wangu anataka tuuze twende Mapinga ambako bado kumetulia. Je, nimekosea kugoma? Na haya maji nimshitaki nani?"*

Dada yangu, nianze na neno lako fupi kuliko yote: umegoma. Sikulaumu. Mtu aliyelipia kila hatua ya ardhi yake kwa jasho, akiambiwa amege bila senti, lazima ashike kiuno. Ila nimesoma swali lako mara ya pili na kuna jambo naona hujaliunganisha. Umeniandikia kana kwamba una matatizo mawili, ardhi unayotakiwa kutoa na maji unayopokea. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ni tatizo moja, na ile mita moja na nusu ya pembeni unayoililia huenda ndiyo njia ya maji hayohayo yanayokusumbua. Nitalirudia hilo. Kwanza tuondoe hofu ambazo hazina mguu.

Kupimwa si kuhamishwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ina vifungu kamili kuhusu mpango wa urasimishaji, na lengo lake lililoandikwa ni kutambua, kurekodi na kusajili ardhi ya watu wanaoishi na kufanya kazi katika eneo, yaani ninyi mliopo. Hofu ya kuhamishwa haikutoka hewani, naielewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kibaha zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na Goba si mbali na pale. Kila mtu ana shangazi au rafiki aliyekumbwa. Lakini zile zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuu. Hazikuvunjwa kwa sababu mtaa ulipimwa. Mtaa usiopimwa ndio ambao mwenye nyumba hajui amesimama ndani au nje ya hifadhi mpaka siku anayoamka na kukuta alama ya X ukutani.

Na ukiiona hiyo X, usiichukulie juujuu, tazama rangi. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifikisha mita 30. X nyekundu huwekwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi bila haki, naye hubomoa mwenyewe bila kulipwa. X ya kijani ni ya aliyekuwepo kihalali kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa, huyo anastahili fidia eneo likihitajika. Barabara za ndani ya mtaa wako haziko huko kabisa, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na vipimo vyake ni vidogo sana kuliko hivyo. Anayekuambia "lami inakuja, mita 30 zinaondoka" hapo kwenye kichochoro chenu anachanganya mambo.

Kuhusu kodi, wanaosema utatozwa wana ukweli nusu. Ukipata hati utalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na usipolipa deni linakaa na kukua. Huo ndio ukweli, usije ukasema sikukuambia. Ila kama unadhani kukaa bila kupimwa kunakuficha, angalia LUKU yako. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa unaponunua umeme, nyumba imepimwa au haijapimwa. Serikali ilishakuona kupitia mita.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Nikueleze Goba ilivyofika hapo, kwa sababu ukielewa utaacha kumchukia yule kijana mwenye kifaa cha kupimia.

Ulipokuja mwaka 2013, uliyemkuta alikuwa mkulima au mrithi wa mkulima mwenye ekari zake mbili tatu za mikorosho na maembe. Hakuwa na mchoro. Aliuza kipande kimoja mwana akienda sekondari, kingine mama akiumwa, na kila mnunuzi aliingia kwa njia ya miguu iliyokuwa ikipita katikati ya shamba. Njia ile ilitosha mtu na baiskeli. Aliyenunua wa kwanza akaweka ukuta wake pembezoni mwa njia, wa pili akaweka wake upande wa pili, na tangu siku hiyo njia ya miguu ikawa ndiyo barabara, imebanwa na tofali pande zote. Hakuna aliyekuwa mwovu hapo. Kila mmoja alipima chake, na barabara haikuwa ya mtu. Kisha ikaja lami ya kutoka Tangi Bovu, ya kwenda Madale, ya kushukia Makongo, ya kutokea Mbezi Mwisho. Mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi kikafunguliwa Mbezi Luis. Bei ikapanda, viwanja vya 20 kwa 30 vikakatwa kuwa 15 kwa 20, na waliokuja nyuma yenu wakabanana zaidi.

Walionunua kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kule Bunju, Mivumoni au Kibada, walilipa bei iliyobeba ndani yake barabara, mitaro na viwanja vya shule. Wewe ulilipa kidogo kwa sababu hukuuziwa barabara. Sikusemi vibaya, mimi mwenyewe nilijenga hivyohivyo ujanani, na mitaala yote niliyosomea mipango miji ikanitazama tu. Ninachosema ni kwamba deni la barabara lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na sasa mtaa mzima unalilipa kwa pamoja.

Tupige hesabu. Mita 3 mbele kwa upana wa mita 20 ni mita za mraba 60. Mita moja na nusu pembeni, kwa urefu uliobaki wa mita 27, ni kama 40. Jumla 100 kati ya 600 ulizonazo, yaani sehemu moja kati ya sita. Si kidogo. Lakini wa upande wa pili wa njia akitoa mita 3 kama wewe, pamoja na upenyo uliopo, mnapata barabara ambayo lori la zimamoto linapita, gari la kunyonya choo linafika, boza linafika, na nguzo ya umeme inapata pa kusimama bila kuwa katikati ya njia. Nimewahi kusaidia kubeba mgonjwa kwenye kiti cha plastiki, watu wanne, usiku, kutoka ndani ya mtaa mmoja wa zamani hapa Dar mpaka barabarani, kwa sababu gari lilishindwa kuingia. Tulipumzika mara tatu. Ukuta mmoja tuliougonga kwa bega ulikuwa wa mtu aliyekataa kutoa mita moja.

Kwa hiyo mita 3 za mbele, ushauri wangu ni utoe. Fidia kwa kawaida haipo kwenye urasimishaji, maana ni mchango wa wenye mtaa wenyewe, tofauti na serikali inapotwaa ardhi kwa mradi wake, ambapo kuna uthamini, fidia kwa bei ya soko na posho ya usumbufu. Usikubali mtu akuchanganyie hayo mawili. Ila kutoa si kutoa kibubu. Kaone mchoro wa mipango miji kabla hujasema ndiyo. Hakikisha wa mbele yako naye anatoa. Mchoro unaokata mita 3 kwako na kuuruka ukuta wa mkubwa fulani ni mchoro wa kupingwa mchana kweupe, kikaoni, mbele ya watu. Na kama mstari unagusa nyumba yenyewe, au choo chako, omba usogezwe. Viwango vya urasimishaji vinalegezwa kuliko vya mji mpya, barabara inaruhusiwa kupinda. Nimeona mzee mmoja akiweka kiti chake cha uvivu mahali hasa kigingi kilipotakiwa kupigwa, akaagiza kahawa, na wapimaji wakasimama juani na fimbo yao wakimsubiri. Walipomsikiliza hatimaye, kumbe alikuwa na hoja: umbali wa mita mbili upande wa pili palikuwa na uwazi usio na mtu. Kigingi kikahamia huko. Ugomvi uliochukua saa nne ulihitaji kuoneshana tu.

Sasa ile mita moja na nusu ya pembeni, na maji.

Tazama kinachotokea mvua ikinyesha. Zamani hapo juu yako palikuwa na majani, mikorosho na udongo wa kichanga unaonyonya haraka. Mvua ya kawaida ilizama palepale na kidogo tu ndicho kilichoteremka. Jirani amejenga. Tuseme paa lake na uwanja wa pevingi kwa pamoja ni mita za mraba 450. Mvua nzito moja ya masika ikimwaga milimita 40, hizo ni lita 18,000 kutoka kiwanja kimoja, karibu maboza mawili ya lita elfu kumi, na sehemu kubwa inashuka ndani ya saa moja badala ya kuzama ardhini. Sasa hesabu na wa juu yake, na wa juu ya huyo. Goba ni vilima. Maji yote ya kilima yanatafuta bonde, na wewe umekaa njiani. Jirani yako hakukuletea mvua. Amechukua maji yaliyokuwa yamesambaa na kuyakusanya sehemu moja, halafu akayaachia mkononi mwako.

Na ukuta wako? Ukuta wa tofali za inchi tano uliojengwa kukata mteremko unageuka kuwa bwawa. Maji yanajaa nyuma yake, udongo unalowa na kuwa mzito, unasukuma. Tofali zinabeba vizuri uzito unaotoka juu. Msukumo wa kutoka ubavuni haziuwezi. Nyufa zako ndiyo dalili. Watu wengi hapo wanaziba nyufa kwa saruji, na wengine wanaongeza kozi mbili juu ili maji yasiruke, ambalo ni kosa kubwa kuliko yote: wanaongeza uzito juu ya ukuta unaoegemea. Cha kufanya haraka, kabla ya masika, ni kutoboa matundu ya kupitishia maji sehemu ya chini ya ukuta, kila baada ya mita moja na nusu hivi, na kuyapa maji hayo mfereji wa zege upande wako wa kuyaongoza mpaka mbele. Usiyaelekeze kwenye shimo la choo. Nimelikuta hilo mara nyingi mno. Choo kinajaa siku moja na kinachomwagika si maji ya mvua tena.

Kwenye michoro mingi ya urasimishaji niliyoishika, kipande chembamba cha mita moja na nusu kati ya viwanja viwili, kikielekea mteremkoni, huwa ni mtaro au njia ya bomba. Hakitoshi kuwa barabara, na hakuna anayemega pembeni kwa raha zake. Sijauona mchoro wenu, ndiyo maana nakutuma ukauangalie. Kama ni mtaro, basi ulichokataa ni dawa uliyokuwa ukiitafuta. Swali la kuuliza kikaoni linabadilika: huu mtaro unaishia wapi? Ukiishia kwenye barabara isiyo na mfereji, umehamisha bwawa tu. Ukiishia bondeni, je, mwenye kiwanja cha chini kabisa amekubali? Na mita hiyo moja na nusu itoke kwako peke yako au nusu kwako nusu kwa jirani wa ghorofa, ambaye ndiye mwenye maji? Mimi ningesimama hapo na ningesimama kwa nguvu. Yeye atoe sehemu yake ya ardhi, au agharamie zege.

Uliuliza umshitaki nani. Kesi ndiyo njia ya mwisho, si kwa sababu huna haki, ila kesi ya maji kati ya majirani inaweza kuchukua masika kadhaa na mvua haisubiri. Anza na picha: piga video mvua ikiwa inanyesha, ionekane maji yanatokea wapi na saa ngapi. Mpelekee jirani mwenyewe kabla ya kumpelekea mwenyekiti. Mwambie afunge mifereji kwenye paa lake na aweke tangi. La lita 5,000 halimalizi maji yote ya mvua kubwa, lakini linazuia ile kasi ya mwanzo, naye anapata maji ya kufulia. Achimbe na shimo la kunyonyea lililojazwa mawe, mbali na msingi na mbali na shimo la choo. Akikataa, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yao ni kusuluhisha, hawatoi hukumu, ila karatasi yao unaihitaji kabla ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wengi huelewana hapo mbele ya wazee.

Kuna jambo moja likiwepo linabadilisha ushauri wangu wote. Je, chini yako kuna mto au korongo la maji ya kudumu? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiwa ndani ya hizo mita, usitegemee kuwa urasimishaji utakupa hati, na usimwage pesa zaidi kwenye ukuta. Waliohamishwa Jangwani na kupelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walijua bonde lao kwa miaka mingi. Mwaka huo lilikuwa kubwa kuliko walivyolijua.

Kuhusu kampuni ya urasimishaji, hapa nipo upande wako. Kuna mitaa iliyochangia pesa, vigingi vikapigwa, kisha kimya, na miaka imepita. Kigingi si hati. Kwanza mchoro wa mipango miji uidhinishwe, halafu ramani ya upimaji isajiliwe, halafu ndipo hati iandaliwe. Ukikuta mtu anakudai pesa za hati wakati ramani haijasajiliwa, funga pochi. Pesa iende kwenye akaunti ya kamati ya mtaa wenu au kwa kontroo namba, kamwe isiende kwenye simu ya mtu. Waulize jina la mpima aliyesajiliwa, kisha nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Ubungo uulize kama mradi wa mtaa wenu wanautambua. Asubuhi moja inatosha. Na ile hati ya mauziano ya serikali ya mtaa itunze sana, toa nakala mbili. Haikupi umiliki uliosajiliwa kama wengi wanavyodhani, inathibitisha tu kwamba mlinunua, lakini wakati wa kuhakiki majina ndiyo silaha yako ya kwanza. Hakikisha kwenye fomu mnaandikwa wote wawili, wewe na mume wako.

Na Mapinga, huko mkoani Pwani? Shemeji yangu anisamehe. Sensa ya 2012 iliuhesabu Mkoa wa Pwani kuwa na watu 1,098,668. Ya 2022 ikakuta 2,024,947. Dar es Salaam yenyewe katika miaka hiyo ilitoka milioni 4.36 hadi 5.38. Yaani Pwani karibu imejirudufu, na sehemu ya hao ni watu waliofikiri kama mume wako. Mapinga ya leo ni Goba yenu ya mwaka 2013, na mkinunua kwa dalali kipande cha shamba kisichopimwa, mnaanza hesabu hii upya mkiwa na umri mkubwa zaidi. Mkiamua kuhama kwa sababu zenu, sawa, lakini msiuze sasa. Kiwanja kisichopimwa chenye ukuta wenye nyufa na mgogoro wa mtaro kinauzwa kwa bei ya huruma. Malizeni urasimishaji kwanza. Na kule nunueni kilichopimwa, mkafanye upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Mengine siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama ufa unapita kidole kidogo, au ukuta ukiutazama kwa timazi unaegemea, usimruhusu mtoto kucheza upande wa chini, na mwite mhandisi wa majengo wiki hii, asiwe fundi aliyeujenga. Kama mstari wa mchoro unapita ndani ya nyumba, au jina la mtu mwingine limetokea kwenye kiwanja chako wakati wa uhakiki, mtafute wakili wa ardhi kabla hujasaini chochote. Kuna muda wa kutoa pingamizi na unapita haraka.

Kikao kijacho cha kamati nenda na vitu vitatu: hati ya mauziano, simu yenye video ya maji, na futi ya kupimia ya mita 30. Mwambie mpima akuoneshe ule mstari wa pembeni kwenye mchoro, kisha mwende naye mpaka uwanjani mkaupime pamoja, jirani wa ghorofa akiwepo.